Tanzia Yangu Hamamuni Bistrik

Baada ya kumhimidi Yule aliyetupa ulimi kabla hajatupa meno, kisha akatuachia ulimi hata alipokwisha kuyachukua meno, nawasalimu wasomaji wangu nyote mliokuwa mkiningoja tangu Ijumaa iliyopita.

Aliyechelewa kutufikia na ajue haya machache. Mimi ni Hafiz Nazif Buljubašić, mwadhini mstaafu wa msikiti wa mtaa wa Bistrik, mjini Sarajevo. Mgane, mwenye mvi, na mwenye sauti. Nimemposa Hajja Zumreta, mjane wa fundi saa, mwanamke ambaye akikutazama hujikuta unakagua kola ya shati lako. Nilimposa langoni kwake, koti langu likiwa limenaswa na msumari wa lango hilohilo, na mbwa wa jirani akiwa shahidi wangu wa pekee.

Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana. Alisema:

"Nazif Efendi, kila mtu ananiambia wewe ni mtunzi. Mimi sijakusikia ila ukiadhini. Kasome beti zako mbele ya watu, mahali pa heshima. Nitakuja, na mdila wangu wa kahawa nitakuja nao. Jibu lako utalikuta kikombeni."

Kwetu mwanamke akiposwa hatoi hotuba, hupika kahawa. Ukionja ukakuta sukari, umepata mke. Ukikuta chumvi, chukua kofia yako, shukuru, uende zako.

Kwa hiyo nikaenda kutafuta mahali pa heshima.

Mahali penyewe ni ile hamamu ya kale iliyojengwa zama za masultani, ambayo leo imegeuzwa kuwa nyumba ya sanaa. Babu zetu waliingia humo wachafu wakatoka safi. Wajukuu wao huingia safi wakatoka wamechanganyikiwa.

Msimamizi wake ni Ajna, binti niliyemfundisha alifu na bee, naye amenilipa kwa kuzikata nywele zake kama askari. Lakini adabu anayo. Alinipa mkono, akaniketisha, kisha akanitembeza.

Tulipofika chini ya kuba kubwa nilisimama ghafla.

"Huyu ni nani?" niliuliza, huku nikiitazama kuba kwa makini sana.

"Hiyo ni sanamu, Efendi. Si mtu."

"Naona. Nauliza mbona hana nguo."

"Anaota jua."

"Ndani ya nyumba?"

Alikuwa mwanamke wa shaba nyeusi, amelala chali juu ya jukwaa la mbao, mrefu kuliko mwanamke yeyote niliyewahi kumsalimia. Mchongaji wake ni mzee wa Vienna, na maonyesho yake yangefunguliwa siku moja baada ya kisomo changu.

"Mwondoe," nikasema.

"Efendi, ana uzito wa ng'ombe wawili. Waliomwingiza walikuwa wanaume wa kutosha timu ya mpira, na kipa mpaka leo anaumwa mgongo."

"Siwezi kusoma beti za heshima, ambazo ndani yake limetajwa jina la Mola, mbele ya mwanamke wa watu aliyelala hivyo."

"Basi tumfunike. Siku yako ikipita, tunamfunua."

Nikarudi nyumbani, nikakitwaa kitambaa cha sufu ya kijani kinachofunika meza yangu ya kulia, nikakileta. Nilimfunika kwa mkono wangu mwenyewe, tangu utosi hata vidole vya miguu, nikampigapiga pembeni kama mtu anayemlaza mtoto. Nilitoka humo nimeridhika kabisa.

Hilo lilikuwa kosa la kwanza.

La pili nililifanya kwa Muradif. Huyu ni rafiki yangu tangu utotoni na adui yangu tangu asubuhi yake; ana kiwanda kidogo cha chapa nyuma ya soko, naye huchapa tanzia. Mtu akifa Sarajevo hubandikwa. Karatasi moja, pembeni mstari mnene wa kijani, juu picha ya marehemu, chini jina, mahali na saa ya maziko. Hubandikwa mlangoni mwa msikiti, kwenye nguzo, kwenye miti, na kwa mwoka mikate. Sisi huzisoma kabla ya kunywa chai, ili tujue ni nani hatuna haja tena ya kugombana naye.

Nilimkuta Muradif kalamu i sikioni, kama ilivyo tangu kabla ya vita.

"Nataka tangazo la kisomo," nikamwambia.

"Pembeni nikuwekee rangi gani?"

"Kijani. Rangi ya mavazi ya watu wa peponi."

"Bahati yako. Ndiyo pekee niliyonayo."

"Na picha nitakuletea."

"Usijisumbue. Picha yako ninayo."

"Unayo? Ya nini?"

"Kila aliyestaafu mtaani nina picha yake kwenye droo. Kazi yangu hii, Nazif, haitaki kushtukizwa."

Nikapima kama nikasirike au nishukuru. Nikaiona picha. Ilikuwa nzuri, nilikuwa nimetazama mbali, kama mtu aliyekwisha kuiaga dunia na dunia isisikitike sana. Nikashukuru.

"Na hili neno la beti nikuwekee wapi?" akauliza.

"Popote."

"Basi chini kabisa, herufi ndogo. Huku juu pamejaa wewe."

Kosa la tatu lilikuwa la mikono yangu. Katika utumishi wangu wote, aliyekuwa akibandika tanzia za Bistrik ni mimi. Niliposhika gundi na brashi baada ya sala ya alfajiri, barabara zikiwa hazina mtu, sikuhitaji kufikiri. Mikono iliujua mlango wa msikiti. Iliujua mti wa mlindeni ulio karibu na chemchemi. Ilijua dirisha la Šaćir, muuza mikate ya nyama, ambaye naye ni mgane, na ambaye siku za karibuni alikuwa akimpelekea Hajja Zumreta mikate yenye nyama nyingi kuliko ilivyo desturi ya duka lake.

Kisha nikapanda basi kwenda kwa dada yangu huko Visoko ili niipumzishe sauti. Simu niliizima. Sikusema neno na mtu. Nilikunywa mayai mabichi, nikaoga maji ya uvuguvugu, nikajisikia kama kijana.

Msomaji mwerevu amekwisha kuona nilipofika. Mimi sikuona.

Alhamisi ilipofika, nilirudi mjini baada ya alasiri. Ajna alikuwa ameniachia ufunguo wa mlango wa nyuma, kwa kuwa yeye angekwenda uwanja wa ndege kumpokea mzee wa Vienna; mlango mkuu angeuacha bila kufuli kwa ajili ya wasikilizaji. Niliingia kupitia chumba cha tanuri, mahali walipokuwa wakichochea moto wa maji zama hizo. Kupitia kidirisha cha pembeni niliweza kuuona mlango mkuu.

Nilichokiona kilinitoa machozi. Viatu!

Lundo la viatu, vya kiume na vya kike, vimevuliwa mlangoni kwa adabu, vingine vimepangwa na vingine vimepandana, mpaka barabarani. Katika nyumba ya sanaa, ambamo watu huingia na matope yao! Nikajiambia: Nazif, hawa wanakujua wewe ni nani. Wamevua viatu kwa ajili ya shairi.

Nikakaa juu ya gogo, nikasafisha koo, nikasikiliza. Ukuta wa tanuri una tundu lilipokuwa likipita joto, na siku hizi hupita maneno. Na nilichosikia ni kilio.

Hawajasikia hata ubeti mmoja, nikasema, na tayari wanalia.

"Alikuwa mtu mwema," akasema mama mmoja.

"Sana. Na aliondoka ghafla."

"Juzi tu nilimwona akinunua sukari."

"Ewe Nazif, Nazif!" akalia mwingine.

Nikajishika kifundo cha mkono, nikatafuta mapigo. Yalikuwepo.

"Lakini mbona wamemweka hamamuni?" akauliza mwanamume.

"Labda bado hajaoshwa."

Hapo ndipo kila kitu kilipojipanga akilini: kijani, picha, mlango wa msikiti, mlindeni. Nilikuwa nimejibandika mwenyewe, kwa gundi yangu, mtaa mzima.

Nakiri mbele yenu nisilomkiria mtu mwingine: sikutoka. Nilipaswa kutoka saa ileile. Badala yake nikalisogelea lile tundu, maana mtu hapewi mara mbili nafasi ya kusikia sifa zake bila ya kuinamisha kichwa.

Sifa zilikuja kidogo. Kisha zikaisha.

"Sauti yake, Mungu amrehemu, ilikuwa kali," alisema jirani yangu wa juu.

"Kali? Kuku wangu walikuwa wakiacha kutaga!"

"Mimi nilinunua godoro nene, nikaziba dirisha."

"Msimseme vibaya marehemu."

"Hatumsemi yeye. Tunaisema sauti, nayo imekwisha kufa pamoja naye."

Kisha nikaisikia sauti nyororo ya mtu anayemwekea mteja mkate, na huyo alikuwa Šaćir.

"Hajja Zumreta, usilie."

"Silii, Šaćir. Ni vitunguu vya mikono yako. Sogea huko."

Wanawake wakacheka kidogo, kisha wakakumbuka wako wapi.

"Ni kweli alikuposa?" mmoja akamuuliza.

"Kweli."

"Na ungemkubali?"

Nikaacha kupumua. Kwa hali niliyodhaniwa kuwa nayo, halikuwa jambo la ajabu.

"Nilikuja na mdila," akasema Hajja. "Mfuko huu una sukari, na huu una chumvi. Sikuwa nimekata shauri. Nilitaka nimsikie kwanza. Mtu anayetaka kuzeeka kwangu, lazima nijue anasema nini akiwa haadhini. Sasa ameondoka na beti zake, na mimi nimebaki na mifuko miwili kama muuza duka."

"Sukari haiharibiki, Hajja," akasema Šaćir.

"Unasemaje?"

"Nasema tu. Mimi nami ni mpweke. Duka lipo, afya ipo, meno yangu yote yapo."

"Šaćir! Mwenzako amelala pale!"

"Ndiyo amelala. Hatasikia."

Damu ikanipanda. Nikainuka, nikashika kitasa. Na hapohapo nikasikia sauti ya imamu wetu kijana, ambaye alikuwa safarini na amerudi siku hiyohiyo, akakuta uso wangu umebandikwa mlangoni mwa msikiti wake, akaja mbio na mkoba mkononi.

"Jamani, tupange safu. Wanawake nyuma. Tumswalie ndugu yetu."

Nimesoma vitabu vingi vya sheria kwa walimu wakali. Limeelezwa la kumfanyia maiti aliyekufa majini, na aliyekufa safarini. Sijaona hata ukurasa mmoja unaosema marehemu afanye nini akikuta anaswaliwa naye amesimama nyuma ya mlango.

Nikaufungua mlango kidogo, nikachungulia. Safu zilikwisha kunyooka. Mbele yao, chini ya kuba, chini ya kitambaa cha meza yangu, alilala yeye.

Nikamkumbuka aliyemo humo.

"Jeneza halikuelekea kibla sawasawa," akasema imamu. "Tuligeuze kidogo. Nani ataliinua?"

"Mimi!" akasema Šaćir, akakunja mikono ya shati mbele ya macho ya Hajja Zumreta. "Nazif alikuwa kama ndugu yangu. Njooni watu wanne. Bismillahi!"

Wakashika. Wakavuta. Shingo zao zikawa nyekundu.

"Mzito!"

"Alikuwa akila kwangu," akasema Šaćir, akihema.

"Huo si mkate, bwana. Hizo ni dhambi."

"Polepole jamani," ikasikika sauti ya Muradif kutoka nyuma, "marehemu alikuwa na mgongo."

Nikamtazama yule shetani. Alikuwa amesimama karibu na nguzo, anatafuna halua ya msiba, macho yanang'aa. Yeye ndiye aliyeichapa ile karatasi. Yeye peke yake katika umati ule alijua kwamba nilikuwa mzima.

"Kwa pamoja!" akaamuru Šaćir. "Moja, mbili..."

Jeneza halikuinuka. Kilichoinuka ni kitambaa.

Kiliteleza taratibu, kama kinachoona haya, kikaanguka miguuni pa imamu.

Imamu aligeukia ukuta, akaleta istighfari. Wazee wa safu ya kwanza nao walileta istighfari, ila wao hawakuharakisha kugeuka.

Ni Muradif aliyepata sauti kwanza.

"Wallahi," akasema, "kifo kimempendeza."

Na kabla mtu hajajua acheke au akimbie, mlango mkuu ukafunguka. Ajna akaingia na mzee mwembamba mwenye kofia pana: mchongaji mwenyewe, moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege.

Mzee yule aliliona lundo la viatu. Aliziona safu zilizonyooka, wanaume kwa wanawake, vichwa vimeinama, mashavu yamelowa, wote mbele ya kazi yake. Akavua kofia. Akamnong'oneza Ajna jambo.

"Anasema," akatafsiri Ajna, naye haelewi kinachoendelea, "anasema huko kwao watu humpita huyu mama huku wanakula aiskrimu. Anasema hajawahi kuheshimiwa hivi."

Nikaona hapo ndipo pa kutoka. Nikausukuma mlango wa tanuri.

"Assalamu alaikum."

Ni wajibu kuitikia salamu, lakini hakuitikia mtu. Mama wa kuku alikaa sakafuni. Imamu, aliyekuwa bado ameelekea ukutani, aligeuka, akaniona, akaurudia ukuta. Šaćir aliruka nyuma ya yule mwanamke wa shaba, akamkumbatia goti.

"Nazif," akasema kutoka huko kwa sauti ya kubembeleza, "rudi, ndugu yangu. Tutakusomea Yasini kila Ijumaa."

"Sijafa, Šaćir. Na nimekusikia unavyoyahesabu meno yako."

"Kama hukufa mbona umetangazwa?" akauliza jirani wa juu, kwa ukali wa mtu aliyeoka keki bure.

Wote tukamgeukia Muradif. Akameza halua.

"Chini imeandikwa 'beti'," akasema. "Herufi ndogo, lakini ipo. Kosa langu liko wapi, ikiwa mtaa mzima mnaishia kwenye picha?"

"Na walipokuja kukupa pole, uliwaambia nini?" nikamuuliza.

"Nilitaka kuwaambia. Lakini walikuwa wanalia vizuri sana, na wengine walileta halua. Nikajiuliza: Nazif akisoma beti, watakuja watu wangapi? Mimi na Ajna. Nazif akifa, utakuja mtaa mzima na viatu watavua. Nimekujazia ukumbi, bwana. Badala ya kunishukuru unanitolea macho!"

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesema kweli.

Wakati huo Hajja Zumreta alikuwa hajasogea. Alisimama mbele ya safu ya wanawake, mdila mkononi, akanitazama kutoka kofia hadi soksi. Nikakagua kola.

"Ulikuwa humo tangu lini?" akauliza.

"Tangu kuku walipoacha kutaga."

"Basi na la sukari umelisikia."

"Nimelisikia."

"Na la chumvi?"

"Nalo pia, Hajja."

"Kwa hiyo ulikaa humo unasikiliza watu wazima wakilia, wewe na mapigo yako ya moyo."

"Nilikaa. Sina udhuru."

Nilitegemea aondoke. Nilitegemea hata ule mdila uruke. Badala yake alivuta kiti cha Ajna, akaketi, akaiweka ile mifuko miwili magotini.

"Soma," akasema.

"Sasa hivi?"

"Nilikuja kusikia beti. Kufa na kufufuka si beti. Soma."

Enyi wenzangu, nilikuwa nimeandaa utangulizi wa kurasa kadhaa, wenye dua, wenye kutaja walimu wangu na walimu wa walimu wangu. Wote ulinitoka. Nilisimama na soksi zangu, mbele ya majirani walionizika, ubavuni pangu mwanamke wa shaba asiye na staha, na kilichobaki kichwani ni hiki tu:

Mvi zangu si theluji, ni jivu juu ya moto,
Sogea, wangu faraji, upate kuota joto.

Kuba ikaichukua sauti yangu, ikaizungusha, ikairudisha ikiwa nzuri kuliko nilivyoitoa. Katika miaka yote ya mnara sikupata kuisikia hivyo. Hata mama wa kuku aliinua uso.

"Moto wako wewe hauchemshi hata yai," akasema Muradif.

"Nyamaza, muuza misiba," akamkata Hajja Zumreta. Kisha, bila ya kunitazama: "Rudia ule wa jivu."

Nikaurudia. Safari hii taratibu, na macho yangu hayakuwa kwenye kuba.

Akasimama. Akamuuliza Ajna jiko liko wapi. Na alipopiga hatua ya kwanza, Šaćir akachomoza nyuma ya goti la shaba.

"Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Na mimi nimeposa! Tena mbele ya watu wote hawa. Yeye aliposa mbele ya mbwa."

Kikatokea kicheko. Imamu aliulizwa kama posa iliyotolewa mbele ya maiti ambaye si maiti inasihi kisheria. Akasema kwamba swali hilo linahitaji utafiti, akaanza kuufunga mkoba wake.

"Keti, Šaćir," akasema Hajja Zumreta. "Wewe nawe utapata kikombe."

Akaingia jikoni na mifuko yake yote miwili, akaufunga mlango.

Hakuondoka mtu. Hakuna aliyevaa viatu. Mimi na Šaćir tuliketishwa kwenye benchi moja, kama wanafunzi wanaongoja fimbo, mgongoni kwetu yule mama wa shaba. Mzee wa Vienna alimuuliza Ajna kama hii nayo ni sehemu ya ibada. Ajna akamjibu kwamba ndiyo, na kwamba sasa inakuja sehemu ngumu.

Harufu ya kahawa ikatangulia. Kisha akatoka Hajja na sinia ya shaba, vikombe viwili vidogo, vimejaa sawasawa, vinafuka sawasawa. Usoni pake hapakuwa na kitu cha kusoma, nami nimesoma maandishi magumu maishani mwangu.

"Hiki chako, Šaćir. Hiki chako, Nazif Efendi."

Kisha akarudi nyuma, kuelekea kwa wanawake.

Sikuthubutu. Šaćir, kwa kuwa ni mtu wa pupa hata katika mikate, akatangulia. Akainua, akavuta funda, akafumba macho.

Akatabasamu.

Nikamchunguza. Mtu huweza kulitabasamia funda la chumvi kwa ajili ya kiburi, lakini koo halijui kiburi. Koo lake lilimeza bila ya kusita. Akalamba mdomo. Akaniangalia kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, nami nikajua kwamba sukari imekwisha kugawiwa.

Nikasema kimoyomoyo kwamba yaliyoandikwa hayafutiki. Nikashika kikombe kwa mikono miwili, nikajiandaa kuimeza chumvi yangu mbele ya mtaa mzima bila ya kukunja uso, kama inavyompasa mtu aliyekwisha kuliliwa. Nikanywa.

Tamu!

Tamu kama sharubati ya Idi. Tamu mpaka kwenye mzizi wa lile jino langu la mwisho.

"Alhamdulillahi!" nikasema.

"Alhamdulillahi!" akasema Šaćir, wakati uleule.

Tukageukiana. Yeye akachungulia kikombe changu, mimi nikachungulia chake. Akachovya kidole kwangu. Nikachovya kidole kwake. Tukalamba. Tukatazamana tena, na safari hii hakuna aliyetabasamu.

Tukasimama kwa pamoja tumtafute mwenye sinia. Miguuni pa mwanamke wa shaba palikuwa na mdila mtupu na ule mfuko wa chumvi, umefungwa, haujaguswa. Kule mlangoni, katika lundo la viatu, palikuwa na nafasi ya jozi moja. Hajja Zumreta alikuwa amekwenda zake, na jibu lake amekwenda nalo.

Muradif akasogea katikati yetu. Akaichomoa kalamu sikioni, akailowesha ncha kwa ulimi.

"Haya, waungwana," akasema. "Nichape harusi ya nani, na tanzia ya nani?"